Ghala Ambalo Kila Mtu Alilikagua

Kosa langu la kwanza katika kazi ya benki lilikuwa kuona haya kuomba ngazi.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini, ofisa mikopo msaidizi katika benki ndogo ya wananchi iliyokuwa na tawi moja Masasi mjini na jingine kule juu, Newala. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amenunua korosho mnadani, akaziacha kwenye ghala la Chiungutwa akingoja bei ya nje ipande, na benki yetu ikamkopesha kwa dhamana ya korosho hizo hizo. Nikatumwa kwenda kuzikagua. Utaratibu ulitaka twende wawili: mtu wa ofisi, ambaye ndiye mimi, na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wanahisa. Mjumbe huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa Newala. Alimfundisha meneja wetu darasa la tatu. Alimfundisha na mtunza ghala. Ukikutana na mtu wa makamo kule juu ambaye hakupigwa fimbo na Mwalimu, basi alisomea mbali.

Nilipofika Chiungutwa, nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda na vumbi mpaka kwenye kope, nilimkuta Mwalimu amekaa nje kwenye kibanda cha chai.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, baba. Mimi nilikuja jana nikamaliza. Nimepanda mpaka juu, safi kabisa. Wewe ingia ujaze zako."

Mtunza ghala akafungua kufuli la benki, nikaingia. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na bati. Nilikuwa na bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia kutoa korosho chache za kuangalia. Nikachoma gunia lililokuwa usawa wa kifua changu. Zikatoka korosho nzuri, kavu, zenye mlio zikigongana kiganjani. Nikachoma jingine, nikazunguka pande zote nikichoma, kote nzuri. Halafu nikatazama juu. Nilijua kabisa kwamba lazima mtu apande akachome na yale ya katikati. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilikuwa nimelisoma mwenyewe.

Lakini kupanda baada ya Mwalimu kusema amepanda ni kumwita mwongo mbele ya mwanafunzi wake. Mtunza ghala alikuwa amesimama hapo hapo, mkono kiunoni, ananitazama. Nikasafisha bambo langu kwa kitambaa, nikatoka nje, mama wa kibanda cha chai akanipa soda.

Taarifa ya ukaguzi niliiandika upya mara kadhaa, kwa sababu mhuri ulikuwa unakaa upande. Mimi niko hivyo. Nikifunga mlango wa chumba changu cha Mkomaindo, Masasi mjini, hurudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa, na nikifika barabarani hutamani kurudi tena. Chuo sikwenda, alama hazikutosha. Mambo ya fedha niliyasoma kwenye vitabu vya kuazima na kwenye simu, nikilipia bando badala ya chakula cha jioni, na kila siku niliogopa kwamba mtu atanyoosha kidole aseme huyu hakusoma, ametokea wapi. Kwa hiyo mihuri yangu ilinyooka, tahajia yangu haikuwa na doa. Magunia ya katikati sikuyaona.

*

Lazima nimweleze meneja, kwa sababu hata leo nikimfikiria sijui nimweke wapi.

Alikuwa Mmakonde wa Newala. Mimi ni Mmakua wa Lulindi. Sisi ni watani, na siku ya kwanza naripoti alinipokea kwa utani.

"Karibu, mtani. Panya wamewaishia Lulindi, mmeamua kuja kula hela?"

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, mabega yakalegea. Nilidhani nimepata bahati. Bosi wa kutaniana naye, unataka nini tena?

Ilinichukua muda kuona kilichokuwa kinatokea. Kuna siku nilimuuliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, mbona mfanyabiashara mmoja amebeba sehemu kubwa namna ile ya mikopo yetu, na kama korosho zikishuka bei tutafanyaje.

"Sasa mtani, ulitaka nimkopeshe nani?" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani kwa wateja. "Wamakua? Nyie mkikopa mnalipa kwa ahadi na mbaazi."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema, "Mbaazi zenyewe za kuazima." Kicheko kikaongezeka. Nilipomaliza kucheka swali langu lilikuwa limekufa, na kulifufua kungekuwa kuvunja utani, na anayekasirikia utani kwetu huonekana mtu wa roho mbaya.

Wenzangu ambao hawakuwa watani zake walikuwa na tatizo jingine. Meneja alikuwa mtu mzima, mtoto wa ukoo unaoheshimiwa, na wengi wao walikuwa majirani zake au wakwe wa ndugu zake. Wao hata kuuliza hawakuuliza. Kamati ya usimamizi ilikuwa inakutana, inakula pilau, inaondoka. Kwa hiyo katika benki ile swali lilikuwa ama mzaha ama utovu wa adabu. Hapakuwa na namna ya tatu ya kuuliza. Hayo nayaona leo. Wakati ule niliona tu kwamba nalala vibaya.

*

Kilichonikosesha usingizi hasa ni mama yangu.

Mama ni mtu wa kanisa. Babu zake walibatizwa misheni, na nyumba yetu Lulindi iko mahali ambapo kengele ya kanisa unaisikia kama iko chumbani. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kinamama. Miaka yote walikuwa wanaweka akiba yao kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku halikufunguliwa mpaka wote watatu wawepo. Walikuwa wanakusanya wanunue mashine ya kusaga, waache kutembea na mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili.

Nilipoajiriwa, mama alisimama kwenye kikundi akawaambia wahamishie akiba benki. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: mwanangu yuko pale, analiangalia jambo mpaka linachoka. Wakakubali. Wakaanza kumwita Mama Benki, naye akalipenda jina hilo, alikuwa analitamka mwenyewe akicheka. Fedha zote za mashine zikaja kwetu.

Kwa hiyo nilipokuwa nalala nikiwaza juu ya magunia ya katikati, sikuwa nawaza habari za wanahisa. Nilikuwa nawaza kwamba mama ameniweka mimi kuwa kufuli.

*

Mwalimu alifariki wakati wa mvua. Tulipanda Newala na gari la ofisi, ukungu umeziba barabara, baridi ya kule juu ikiingia mpaka kwenye soksi. Msiba ulikuwa mkubwa, wanafunzi wake walijaa mpaka nje ya ua.

Kabla ya kwenda makaburini, watani wakafunga njia. Wakakalia jeneza lisitoke mpaka walipwe, wakaanza kumwigiza marehemu. Hiyo ni haki yao. Padre alisimama pembeni, mikono nyuma, akingoja wamalize, kwa sababu hata padre hana mamlaka juu ya watani.

Aliyeigiza vizuri kuliko wote alikuwa yule mama wa kibanda cha chai pale ghalani Chiungutwa. Mmakua kama mimi. Alikuwa amevaa koti la mwanamume, mwavuli kwapani. Kwanza akamwigiza Mwalimu darasani, anauliza swali na kujijibu mwenyewe kisha anampiga mtoto kwa kuchelewa kujibu. Watu wakacheka na kulia pamoja. Halafu akamwigiza Mwalimu anakula ugali huku anasahihisha madaftari. Halafu akasema, "Na sasa, mkaguzi wa benki."

Akatembea mpaka mlangoni pa nyumba ya msiba. Hakuingia. Akasimama kwenye kizingiti, akavua miwani isiyokuwepo, akaifuta, akaivaa, akainua shingo kutazama ndani. Akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Safi," akasema kwa sauti ya Mwalimu kabisa. "Tena safi sana." Akageuka. "Mama, lete soda ya baridi. Andika kwa mtunza ghala."

Ua mzima ulicheka. Mjane alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na nadhani naye alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilianza kuangalia nani anacheka na anacheka vipi. Mtunza ghala alicheka, kisha akaacha ghafla, akanitafuta kwa macho. Meneja alicheka mpaka akafuta machozi. Mjumbe mwingine wa kamati aliangalia viatu vyake. Tangu dakika ile nimekuwa mtu wa kuangalia vicheko, na si jambo zuri kuwa nalo.

Baada ya maziko nilimfuata yule mama nyuma ya nyumba, anaosha masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kumbe Mwalimu pale ghalani hakupanda?"

"Apande wapi, na goti lile? Kupanda gari lenyewe alikuwa anasukumwa."

"Lakini alisema..."

Akaacha kusugua. "Mwanangu, usinitie kwenye mambo yenu. Pale mbele nilikuwa mtani, naruhusiwa. Hapa ni mama tu, nauza chai kwa huyo huyo mtunza ghala. Nipe hilo sufuria."

Nikampa.

*

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Chiungutwa bila kutumwa. Nilimwambia mtunza ghala nataka ngazi.

"Imeazimwa."

"Na nani?"

"Shule."

"Shule si imefungwa?"

"Ndiyo maana haijarudishwa."

Nikavua viatu. Nikaanza kupanda juu ya magunia yenyewe, naweka kidole cha mguu kwenye kona ya gunia, najivuta. Alikuwa anasema nitaanguka, nitaharibu mpango wa magunia, nitamletea matatizo. Nilipofika juu nilitarajia kuona uwanja wa magunia kutoka ukuta hadi ukuta.

Palikuwa na shimo. Magunia yalikuwa yamepangwa kuzunguka tu, kama kuta za nyumba isiyo na paa, na katikati hapakuwa na kitu. Nililala kifudifudi pembeni nikachungulia. Chini kabisa niliona saruji.

"Umeona nini?" akauliza kutoka chini.

"Sakafu."

Nilishuka, nikakaa kwenye gunia. Mtunza ghala hakukimbia wala hakukasirika. Alikaa karibu yangu, akaanza kusema taratibu kama mtu anayeeleza kwa nini kuku wamekufa.

"Zilihamishwa kidogo kidogo. Mwenye mali alisema atazirudisha msimu ukichanganya. Mimi nilijua mnajua."

"Nani anajua?"

"Nyie. Meneja."

"Meneja anajua?"

"Sasa kama hajui, si wewe ungeniuliza siku ile? Ulikuja na chuma chako, ukachoma chini, ukaondoka. Mwalimu naye jana yake alikuja, akaangalia, akaondoka. Nikasema basi, wamekubaliana huko juu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Yeye aliniangalia mimi akaridhika. Mimi nilimwangalia Mwalimu. Mwalimu, nadhani, aliangalia kufuli la benki mlangoni akaona kazi imefanyika. Na meneja alikuwa na karatasi zenye sahihi zetu wote, moja ikiwa na mhuri ulionyooka kuliko yote.

*

Nilimweleza meneja asubuhi iliyofuata, mlango umefungwa. Nilimwambia na kosa langu la mwanzo. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Ulipanda bila ngazi?" akasema mwishoni. "Mtani, nyie Wamakua kweli mmezaliwa juu ya mikorosho."

Safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kucheka. Akatabasamu peke yake, kisha akasema, "Nimekusikia. Niachie. Jambo hili lisitoke hapa, maana ukitamka neno moja sokoni, kesho hakuna benki."

Nikamwendea mwenyekiti wa kamati nyumbani kwake. Akanikaribisha chai, akasema jambo hilo lipo kwa meneja. Nikamrudia meneja, akasema lipo kwa kamati. Muda mfupi baadaye nikapandishwa cheo, nikawa ofisa kamili, na kuhamishiwa tawi la Newala. Mshahara ukaongezeka. Nilijua, au nilishuku, kwamba natolewa karibu na ghala. Nikashuku pia kwamba labda nastahili, kwamba nimefanya kazi nzuri, kwamba nashuku kila kitu kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikapanda Newala na godoro langu. Nikiri: nilifurahi. Niliwapigia rafiki zangu simu.

Nilijua pia kwamba kuna mamlaka za juu ninazoweza kuziandikia. Nilianza kuandika. Kila nikisoma nilichoandika niliona pengo. Nimeona ghala moja tu, je mengine? Nimeona shimo, lakini sijui lina ukubwa gani. Meneja anajua au hajui? Nikawa nasema nitapeleka nikiwa na uhakika wote. Watu husema ukamilifu ni sifa njema. Kwangu mimi ulikuwa mahali pazuri pa kujificha.

*

Jumamosi moja nilishuka Lulindi. Mama alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, miguu imenyooshwa mkekani. Aliniambia habari za kwaya, habari za mbuzi, kisha akafika kwenye jambo lake.

"Kinamama wamepata mtu anauza mashine. Ni nzima, imetumika kidogo. Wengine wanasema tutoe hela sasa tukainunue. Wengine wanasema tungoje msimu uishe, tupate na faida ya benki, tununue mpya. Wamesema Mama Benki amuulize mwanawe. Tutoe au tungoje?"

Nimeyarudia maneno haya kichwani kuliko maneno yoyote maishani mwangu, kwa hiyo nayakumbuka vizuri. Hakuniuliza siri za ofisi, aliuliza swali la mtu anayetaka mashine.

Hivi ndivyo nilivyowaza, na niliwaza haraka. Wakitoa, watu Masasi watajua. Watasema kinamama wa Lulindi wametoa zote, na mwenye kuwaongoza ni mama wa ofisa wa benki. Wengine watafuata. Foleni itafika barabarani, benki itaanguka, na itakuwa imeangushwa na mimi. Na kama shimo lile lilikuwa limeshajazwa? Kama nilikuwa nimekosea? Na je, ni haki mama yangu aokoke kwa sababu amenizaa mimi, wakati mkulima wa Chiungutwa ambaye hana mtoto benki anabaki?

Sababu hiyo ya mwisho ni nzuri, na kwa muda mrefu niliitumia kujitetea. Lakini nilipokuwa nimekaa pale mkekani haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kwamba sitaki kuonekana kwamba nimekosea.

"Ngojeni," nikasema.

"Pako salama?"

"Ngojeni tu, mama."

Alinitazama kidogo, mkono umesimama juu ya ungo. Kisha akaendelea kuchambua.

*

Bei ya nje haikupanda, ilishuka. Mfanyabiashara alikuwa anapokea simu, kisha akawa hapokei, kisha simu ikawa haipatikani. Benki ikaamua kuuza korosho za dhamana ili ijilipe, na siku wapakiaji walipoanza kushusha magunia Chiungutwa, shimo likaonekana na kila aliyekuwepo. Ikabainika kwamba hata maghala mengine mawili yalikuwa na hali ile ile, kila moja likiwa na sahihi mbili mbili chini ya taarifa yake.

Nilikuwa Newala asubuhi tangazo lilipobandikwa mlangoni. Benki imefungwa na iko chini ya usimamizi. Watu walisimama kwenye ukungu wamejifunika vitenge na makoti, wanasomeana tangazo. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja aliniuliza, "Baba, na sisi wa kidogo?" Nikamwambia kuna bima ya amana, watalipwa. Ilikuwa kweli. Wenye akiba ndogo walilipwa, baada ya kusubiri.

Lakini bima ina kikomo kwa kila mteja. Wanawake wa Lulindi walikwenda Masasi wote, wamevaa sare ya kikundi, mama yangu mbele. Kijana wa dirishani akawaeleza kwamba akaunti ni moja, kwa hiyo mteja ni mmoja, kwa hiyo kikomo ni cha mtu mmoja.

"Mtu mmoja yupi?" akauliza mwanamke mmoja wa kikundi. "Tuko hapa, tuhesabu."

"Mama, kwa sheria kikundi ni mteja mmoja."

"Sasa huyo mmoja ndiye anayebeba mahindi yetu yote kichwani?"

Kijana akawasogezea fomu za kutia sahihi; sheria hakuitunga yeye. Walipewa sehemu ya fedha zao. Haikutosha mashine, hata ile iliyotumika, ambayo ilikuwa imeshauzwa kwa watu wa kijiji kingine.

*

Wachunguzi waliniita mara kadhaa. Niliwaambia yote, kuanzia siku ya soda. Meneja anaendelea kusema hakujua, kwamba aliamini sahihi za watu aliowatuma. Kuna siku namwamini. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na kama Mwalimu amesema amepanda, amepanda. Kuna siku nakumbuka alivyonihamisha, na simwamini hata kidogo. Shaka hii imekuwa kama mwenzangu wa chumba, nimeizoea bila kuipenda.

Mama aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa jioni, tunatoka kanisani, kinamama wengine wametangulia.

"Siku ile nakuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilishuku."

"Ukaniambia tungoje."

"Sikuwa na uhakika, mama."

"Mimi sikukuomba uhakika," akasema. "Nilikuuliza kama mtoto wangu. Ungesema tu, mama, nina wasiwasi. Uamuzi ungekuwa wetu."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mbele ya kikundi. Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma na wanaume. Aliwaambia kwamba mwanawe alishuku, kwamba yeye alimuuliza na akamwambia wangoje, na kwamba yeye aliona usoni mwake kuna jambo lakini akachagua kutoliona, kwa sababu alipenda kuitwa Mama Benki. Sikujua kwamba aliona. Hakulia. Alirudisha kitabu cha hazina mezani, akaketi. Rafiki yake wa tangu utotoni alisema, "Umesema, mama. Yamekwisha." Wengine hawakusema yamekwisha. Mmoja alitoka nje na hajarudi kikundini mpaka leo.

Kilichobadilika ni hiki. Mama si mweka hazina tena, na kinamama wa Lulindi bado wanatembea na mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Mimi nimeacha kazi ya benki, nauza pembejeo kwenye duka la mtu hapa Mkomaindo. Jambo likinitia shaka, linalomhusu mama au linalomhusu mteja aliyesimama mbele yangu, namwambia siku hiyo hiyo, kabla sijapata uhakika, na kama nimekosea ananisahihisha.